Hesabu ya Majumba na Hesabu ya Wasomaji: Habari za Misaada ya Maktaba ya Andrew Carnegie na Ukaguzi Uliofuata



Katika Mkutano Mkuu wa mwaka uliopita nilisoma mbele yenu taarifa ya mwisho ya mfuko wetu wa kusaidia vyumba vya kusomea huko nyumbani. Nilieleza kwamba mfuko umefungwa, kwamba stakabadhi zote zimo katika majalada, na kwamba hakuna hata shilingi moja isiyojulikana iliko. Mlipiga makofi, nami nikaketi kwa furaha ya karani ambaye hesabu zake zimelingana. Ndipo mzee mmoja wa mstari wa mbele alipoinuka kwa fimbo yake akauliza: “Mwanangu, mabati tumeyasikia, na saruji tumeisikia. Je, ni nani anayesoma humo?”

Sikuwa na jibu. Nilijua bei ya kila bati na jina la kila fundi, lakini sikujua jina la msomaji hata mmoja. Halmashauri ilipokutana baadaye iliona vema kwamba, kabla ya kufunguliwa mfuko mwingine, huu uliokwisha utazamwe kwanza. Nayo ikaniagiza niandike katika kitabu hiki cha mwaka habari za watu wengine waliowahi kutoa misaada ya namna hii, wakaimaliza, kisha wakajiuliza imezaa nini. Nimechagua habari za Andrew Carnegie na maktaba zake. Zilitokea mbali nasi, na fedha zilizotumika huko hazina yetu haitaziona kamwe. Lakini mtaona kwamba swali la mzee wetu ndilo lililoulizwa huko pia, na kwamba njia ya habari hizi yafika mpaka hapa Kenya.

Carnegie alizaliwa tarehe 25 Novemba 1835 katika mji wa Dunfermline, Scotland. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo kwa mkono, na mashine za mvuke zilipoiua kazi hiyo, jamaa wote walivuka bahari mwaka wa 1848 wakakaa Allegheny, karibu na Pittsburgh katika Marekani. Kijana alianza kazi katika kiwanda cha pamba kwa mshahara wa dola 1 na senti 20 kwa juma, kisha akawa tarishi wa kupeleka simu za maandishi. Katika mji ule aliishi Kanali James Anderson, mwenye vitabu vyake vipatavyo 400, ambaye kila Jumamosi aliwaruhusu vijana wa kazi waazime kitabu kimoja na kurudisha kile cha juma lililopita. Carnegie hakuzisahau Jumamosi zile maisha yake yote. Nawaomba wasomaji walishike jambo hili: palikuwa na vitabu, na palikuwa na mtu mlangoni aliyependa visomwe. Jumba lenyewe halikuwa na habari.

Kijana yule akawa tajiri wa chuma. Mwaka wa 1889 aliandika kwamba mwenye mali yampasa aigawe kwa faida ya watu angali hai, na mwaka wa 1901 akauza viwanda vyake kwa dola milioni 480, akaanza kugawa kweli kweli. Si wote waliomshukuru. Mwaka wa 1892, katika kiwanda chake cha Homestead, wafanyakazi waliogoma walipigana na walinzi wa kukodiwa, watu wakafa pande zote mbili, na chama cha wafanyakazi kikavunjwa. Kwa sababu hiyo palikuwa na watu walioona kwamba jumba la vitabu limejengwa kwa mishahara waliyonyimwa, na miji mingine ilizikataa fedha zake. Nalitaja jambo hili upesi, ingawa lastahili kitabu kizima.

Masharti ya msaada yalikuwa machache, na mtu aliweza kuyaeleza akiwa amesimama. Mji uliotaka maktaba uliandika barua. Uliahidi kutoa kiwanja, na kutenga kila mwaka, kutoka katika kodi za wenyeji, fungu la 10 kwa 100 la fedha zilizotolewa, ili kuiendesha maktaba hiyo. Kipimo cha kawaida kilikuwa dola 2 hivi kwa kila mwenyeji. Basi mji wa watu 5,000 ulipata dola 10,000 za kujenga, nao ukajifunga kutoa dola 1,000 kila mwaka. Fedha zilikuwa za kujengea. Vitabu, mshahara wa msimamizi, makaa ya kupashia moto na taa vilikuwa juu ya mji wenyewe. Carnegie aliamini kwamba mtu asaidiwe aliyekwisha kujisaidia, na kwamba mji unaojitoza kodi kwa ajili ya vitabu hautaviacha vitabu hivyo vioze. Ni shauri la hekima, na wazee wetu walikuwa na shauri kama hilo tulipowataka wanakijiji watoe mawe na mchanga kabla ya chama kutoa mabati.

Kazi yenyewe ilifanywa na mtu mmoja, Bwana James Bertram, Mskoti, aliyeanza kuwa mwandishi wa Carnegie mwaka wa 1897. Shirika la Carnegie lilipoundwa New York mwaka wa 1911, Bertram akawa katibu wake, na habari za maktaba zikaendelea kupita mezani pake. Mji ukileta ombi, hupelekewa karatasi ya maswali: wenyeji ni wangapi, je, ipo maktaba sasa, kiwanja kipo, baraza la mji litatoa kiasi gani kwa mwaka. Majibu yakirudi sawasawa, ahadi ya fedha huandikwa. Bertram hakuwa mtu wa kupoteza maneno wala senti. Alipoona wachoraji wa ramani wanaweka maghala ya moto wa kuotea, ngazi za fahari na kumbi za bure, alichapisha mwaka wa 1911 karatasi ya mashauri yenye ramani za mfano, zilizompa msimamizi mmoja nafasi ya kuketi katikati na kuona chumba kizima. (Makarani wenzangu watafurahi kujua kwamba karatasi ile iliandikwa kwa tahajia mpya ya Kiingereza aliyoipenda tajiri wake, hata neno la “majengo” likapungukiwa na herufi. Laiti ningethubutu kumpelekea Mwenyekiti barua ya namna hiyo!)

Kwa njia hiyo, fedha zaidi ya dola milioni 40 zilijenga maktaba za watu wote 1,679 katika Marekani. Katika nchi zote zilizosema Kiingereza hesabu ilifika 2,509, na kati ya hizo 660 zilikuwa Uingereza na Ireland. Sidhani kwamba pamekuwapo karani mwingine aliyejenga majumba mengi hivyo kwa kalamu na kiti. Majalada yalikuwa safi. Lakini Bertram aliongoza kazi kwa barua. Hakuwa na desturi ya kwenda kuona nini kimekuwa katika majumba yale baada ya kufunguliwa, na wala hakuwa na watu wa kwenda kwa niaba yake.

Wa kwanza kutazama walikuwa Waskoti. Mwaka wa 1913 Carnegie alianzisha mfuko wa wadhamini kwa ajili ya Uingereza na Ireland, makao yake Dunfermline, na wadhamini hao, kabla hawajaendelea kujenga, walimwomba Profesa W. G. S. Adams wa Oxford azipime maktaba zilizokwisha jengwa. Taarifa yake ilitoka mwaka wa 1915. Sheria ya Uingereza wakati huo haikuruhusu mji kutoza kodi ya maktaba zaidi ya peni moja katika kila pauni ya thamani ya nyumba na mashamba. Katika mji mkubwa peni hiyo ilileta fedha za kutosha. Katika mji mdogo ilileta kidogo sana; na mji mdogo uliopewa jumba kubwa ukajikuta unalipa mfagiaji, makaa, taa na matengenezo ya paa, hata peni ikaisha kabla haijafika kwenye vitabu. Jumba likawa lala kile kilichokusudiwa kuwekwa ndani yake. Na huko mashamba, ambako hapakuwa na mji wa kuomba, watu hawakuwa wamepata kitu.

Profesa Adams hakuishia kulaumu. Alishauri kwamba msaada utoke katika majengo uende katika vitabu vinavyotembea: wilaya nzima iwe na ghala moja la vitabu, na masanduku yapelekwe katika shule za vijiji, mwalimu awe mtunzaji, kisha sanduku libadilishwe kwa jingine. Wadhamini walikubali, wakaanza kulijaribu shauri hilo. Na mwaka wa 1919 sheria ya Uingereza ikabadilishwa: kikomo cha peni kikaondolewa, na mabaraza ya wilaya yakapewa amri ya kuendesha maktaba. Msaada uliokuwa umekosea kipimo ukawa sababu ya sheria kutengenezwa, kwa kuwa mtu alitumwa kuutazama na maneno yake yakasomwa.

Huko Marekani mambo yalikuwa mazito zaidi. Mwaka wa 1915 wadhamini wa Shirika la New York walimwita Bwana Alvin Johnson, mtaalamu wa uchumi, mwana wa wakulima Wadenmark waliohamia Nebraska, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chuo cha New School katika New York. Hakuwa mtu wa maktaba, wala hakuwa mtu wa ofisi ya Bertram. Walimtuma aende mwenyewe. Akazuru maktaba zipatazo 100, miji mikubwa na midogo, akaingia, akaketi, akatazama nani anaingia na nani hapiti hata mlangoni. Mwaka wa 1916 akaleta taarifa.

Aliyoyaona yanafaa kusomwa polepole. Maktaba nyingine zilikuwa zimewekwa mahali pasipopitiwa na watu, kwa kuwa mtu fulani alitoa kiwanja hicho bure, au kwa kuwa baraza lilitaka jumba zuri likae peke yake lipendeze macho. Mfanyakazi atokaye kazini jioni hakuwa na njia ya kupita hapo. Fungu la 10, lililokusudiwa kuwa sakafu, miji mingi ililifanya dari: hawakutoa pungufu, lakini hawakutoa hata dola moja zaidi, na baada ya kulipa mshahara, makaa na taa, vitabu vipya vilikuwa haba. Na jambo kubwa kuliko yote lilikuwa mtu wa mlangoni. Katika miji midogo kazi ya msimamizi ilitolewa mara nyingi kwa mwanamke mwema wa mji aliyehitaji riziki, pasipo mafunzo yoyote ya kazi hiyo na kwa mshahara mdogo. Mahali palipokuwa na msimamizi aliyefundishwa, mwenye bidii, hata jumba dogo lilijaa. Mahali asipokuwapo, jumba lilikuwa jumba tu. Johnson alikuwa amerudi, kwa njia ndefu na ya gharama, mpaka kwa Kanali Anderson na Jumamosi zake.

Akashauri kwamba Shirika lisaidie mafunzo ya wasimamizi wa maktaba, na kwamba liwe na watu wa kutembelea maktaba, kushauri juu ya kiwanja kabla ya kujenga, na kuona kama ahadi zinatimizwa.

Bertram aliipinga taarifa hii. Si vigumu kumwelewa. Kwake yeye, kutuma wakaguzi kungekuwa kuingilia mambo ya miji, na msingi wa Carnegie ulikuwa kwamba mji ukipewa jumba ujitawale katika jumba hilo. Neno hili si la kubezwa. Sisi tuliozaliwa katika nchi iliyojaa wakaguzi twajua uchungu wa kukaguliwa na mtu ambaye hakukuuliza kitu. Lakini naona pia kwamba Bertram alikuwa akiitetea meza yake. Miaka ishirini alikuwa ameamini kwamba jalada lililofungwa sawasawa ni kazi iliyokwisha, na huyu mgeni, baada ya safari moja, asema kwamba ndiyo kwanza kazi inaanza. Mashauri ya Johnson hayakufuatwa wakati huo.

Mwaka uliofuata, vita vikiwa vimeifikia Marekani na vifaa vya kujengea vimekuwa adimu, Shirika liliamua mwezi wa Novemba 1917 kwamba halitatoa tena ahadi mpya za majengo ya maktaba. Ahadi za zamani zilikamilishwa, na Carnegie akafariki tarehe 11 Agosti 1919. Vita vilikwisha, chuma kikapatikana tena, lakini mlango ule haukufunguliwa. Hivyo ule mfuko mkubwa ukafungwa, na taarifa ya Johnson ikabaki ndani ya Shirika kama jiwe ndani ya kiatu.

Hapo ndipo uzuri wa habari hii, nami nawaomba wanachama wautazame vizuri, maana ungeweza kupita bila kuonekana. Majumba 1,679 hayakuweza kurudishwa. Kiwanja kibaya hakihamishwi, na mji uliokwisha pewa fedha hauwezi kuamrishwa kwa barua. Kwa hiyo taarifa haikuweza kuutengeneza msaada uliopita. Iliweza kutengeneza unaofuata tu. Mwaka wa 1919 Shirika lilimwagiza Bwana Charles C. Williamson achunguze jinsi wasimamizi wa maktaba wanavyofundishwa. Alizitembelea shule za kazi hiyo, na kitabu chake kilitoka mwaka wa 1923. Alisema kwamba mafunzo hayo yawe katika vyuo vikuu, na kwamba kazi ya kitaalamu itenganishwe na kazi ya ukarani. (Sisi makarani tulikwisha zoea kutenganishwa.) Baada ya hapo fedha za Carnegie zikamwagika upande huo: mwaka wa 1926 chuo cha juu cha elimu ya maktaba kiliundwa kwa fedha hizo katika Chuo Kikuu cha Chicago, na Williamson mwenyewe akawa mkuu wa shule ya maktaba ya Columbia, New York. Kutoka kwa jiwe kwenda kwa mtu, safari hiyo ilichukua miaka kumi tangu Johnson alipotoa mashauri yake.

Liko pengo jingine ambalo majalada ya Bertram hayakulionyesha, nalo latuhusu sisi zaidi. Maktaba hizi ziliitwa za watu wote. Lakini katika majimbo ya kusini mwa Marekani zilikuwapo ambazo Mtu Mweusi hakuruhusiwa kuingia, ijapokuwa kodi yake ilikuwa ndani ya lile fungu la 10. Maktaba ya Carnegie ya Atlanta ilipofunguliwa Machi 1902, W. E. B. Du Bois, aliyekuwa mwalimu katika chuo cha mji huo, alikwenda pamoja na wenzake mbele ya wasimamizi kudai haki hiyo. Hawakuipata. Tawi la Weusi mjini humo lilifunguliwa mwaka wa 1921, miaka 19 baadaye. Mji wa Louisville ulikuwa na tawi la Weusi tangu mwaka wa 1905, likiongozwa na Thomas Fountain Blue, Mwafrika wa Marekani, ambaye pia aliwafundisha kazi wasimamizi wengine Weusi hapo hapo. Na mwaka wa 1925, katika ule mwelekeo mpya wa kusaidia mafunzo, Shirika lilitoa fedha za kuanzisha shule ya maktaba katika chuo cha Hampton kwa ajili ya Weusi. Shule hiyo ilifungwa mwaka wa 1939, lakini wahitimu wake walikuwa wamekwisha kuenea. Katika hesabu ya majumba, Atlanta ilikuwa jumba moja lililokamilika. Hesabu ya wasomaji ingesema neno jingine.

Sasa habari yavuka bahari. Katiba ya Shirika iliruhusu sehemu ya fedha kutumika katika makoloni ya Waingereza, na mwaka ule ule wa 1925 fedha za Carnegie zilisaidia kuanzishwa kwa Jeanes School huko Kabete. Wazee wengine wa chama hiki walisikia habari zake kutoka kwa baba zao. Haikuwa nyumba ya fahari. Ilikuwa shule ya kufundisha walimu wa kuzunguka, pamoja na wake zao, ili warudi mashamba wakatembelee shule ndogo za vijiji moja baada ya nyingine, kuwashauri walimu, kufundisha usafi, bustani na kazi za mikono. Mtu aweza kusema mengi juu ya elimu ile, na baba zetu waliyasema, maana walitaka vitabu na vyeti kama vya wengine, wala si jembe peke yake. Lakini katika habari tunayoisimulia yaonekana fedha zile zile zimejifunza kwenda kwa mtu atembeaye. Mwaka wa 1961 mahali pale pakawa chuo cha kufundishia maofisa wa serikali.

Na mwaka wa 1927 Bwana Frederick Keppel, aliyekuwa Rais wa Shirika, alifanya safari ya Afrika kuona kwa macho yake kabla ya kutoa. Aliyefuatana naye alikuwa Katibu wa Shirika, James Bertram. Nilipolisoma jambo hili niliweka kitabu chini. Yule mtu wa barua alikuwa amepanda meli! Mwaka wa 1928 wakafuata wakutubi wawili, Milton Ferguson wa California na Septimus Pitt wa Glasgow, wakapitia Afrika Kusini, Rhodesia na Kenya kuchunguza maktaba, na taarifa yao ikachapishwa mwaka wa 1929. Safari hii macho yalitangulia fedha.

Hata hivyo macho hayo hayakuweza yote. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa Nairobi mwaka wa 1931, kwa ukumbusho wa Sir Northrup McMillan, pamoja na msaada wa Carnegie. Na kwa miaka mingi Mwafrika aliweza kuzitazama nguzo zake na simba wake wa mawe kutoka barabarani tu, mpaka ilipokaribia Uhuru. Atlanta ilikuwa imehamia kwetu. Vitabu vilivyomfikia mtu wa kijijini vilikuja kwa njia nyingine, katika masanduku na kwa posta, kutoka East African Literature Bureau iliyoanza kazi mwaka wa 1948; njia ile ile ya sanduku ambayo Profesa Adams aliishauri kwa mashamba ya Uingereza. Kisha mwaka wa 1965 Bunge la Kenya likapitisha sheria ya kuunda bodi ya maktaba za taifa.

Narudi sasa kwa swali la mzee wetu. Mwezi wa Desemba nilipokwenda nyumbani kwa likizo nilipita kwenye kimoja cha vyumba tulivyovisaidia. Katika jalada langu chumba hicho kimeandikwa “kimekamilika,” na saini yangu iko chini. Nilikikuta kimefungwa kwa kufuli. Ufunguo, waliniambia, ulikuwa kwa mwalimu aliyepata uhamisho tangu mwaka juzi. Tulipochungulia dirishani tuliona magunia ya mahindi yamepangwa vizuri sana, mpaka darini. Na rafu tulizozilipia zilikuwa nyuma yake. Mabati yalikuwa mazuri. Hayavuji hata tone, na mahindi yale yalikuwa makavu.

Sikumlaumu mtu. Katika barua zote nilizowaandikia kamati ya chumba kile niliuliza habari za saruji, misumari na fundi. Sikuuliza hata mara moja nani atakayeshika ufunguo, atalipwa na nani, na akihama nani atashika badala yake. Jibu la swali nisilouliza sikulipata, na ni haki. Yamkini vyumba vingine vimejaa watoto kila jioni. Sijui, wala majalada yangu hayajui.

Kwa hiyo Halmashauri imekata shauri lifuatalo, na mkilikubali katika Mkutano Mkuu litaanza mara moja. Mfuko mpya hautafunguliwa kwanza. Wanachama wawili, mmoja mzee na mmoja mwalimu aliyestaafu, wasiokuwa katika kamati iliyogawa fedha, watavizuru vyumba vyote tulivyovisaidia, mvua za masika zikikatika. Hawatapeleka barua ya kutangulia. Wataketi humo tangu saa za shule zinapokwisha mpaka giza, na watamwuliza mwenye ufunguo, na pia mama wa jirani ambaye mtoto wake haendi, kwa nini haendi. Taarifa yao itasomwa mbele ya mkutano kama ilivyoandikwa, hata kama hapana atakayepiga makofi, na itasomwa kabla ya kupigiwa kura fedha nyingine zozote. Palipo na magunia, mwenye magunia asiaibishwe. Aulizwe tu ni kitu gani kingewafanya wana kijiji wayatoe.

Niliomba nifuatane nao, nikakataliwa, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika hawala zote. Nimekubali. Majalada yamewekwa juu ya meza ofisini, na atakayependa kuyasoma kabla ya safari ataniona siku yoyote ya kazi, isipokuwa Jumamosi, mchana.